Dawa ya presha haiazimwi



Siku si nyingi zilizopita tulikuwa kwenye hitima hapa Tabora mjini, upande wa Ng'ambo. Dua ilikwisha, akina mama wakawa wanapakua chakula. Bibi mmoja mtu mzima akalalamika kuwa kichwa kinamgonga na macho yanaona kiza. Wenzake wakamzunguka. Mmoja akasema, "Hiyo ni presha, imepanda." Mwingine akafungua pochi, akatoa kidonge chake cha nifedipine, akamwambia, "Bibi, kitafune, usikimeze kizima, ndiyo kinashusha haraka." Bibi akatafuna, akajilaza kwenye jamvi. Hakuna aliyempima. Alipoamshwa kwa ajili ya sala ya Alasiri, mkono wa kushoto haukunyanyuka na mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Daktari aliyempokea hakumlaumu mtu. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kidonge kile, kwani presha yenyewe ingeweza kumletea kiharusi siku hiyo hiyo. Lakini alieleza jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tunalijua. Presha ya mtu mzima iliyozoea kuwa juu, ikishushwa ghafla, damu inaweza kupungua kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe, na hapo mtu akapooza au akapata mshituko wa moyo. Onyo hili si jipya. Madaktari duniani walikwishalitoa miaka ya 1990 kuhusu nifedipine ile ya kufanya kazi haraka, ya kutafuna au kuweka chini ya ulimi. Huku kwetu bado tunaipokezana misibani kama pipi.

Mama aliyetoa kidonge hakuwa na nia mbaya. Alitoa kwa huruma, na huruma ni katika sifa za Muislamu. Lakini huruma isiyo na elimu inaweza kuua. Rai yangu leo ni moja: dawa ya presha haiazimwi, haigawiwi na haibadilishwi kwa ushauri wa jirani, kwa sababu dawa hizi hazifanani na kila moja inaugusa moyo kwa njia yake. Aidha, tuache kupoteza fedha kutafuta "dawa kali" au "dawa mpya kutoka Dar". Kwa wengi wetu, dawa itakayookoa moyo ni ile ya kawaida tuliyoandikiwa baada ya kupimwa, ikimezwa kila siku.

Moyo ni mpagazi

Sisi watu wa Tabora tunaijua habari ya misafara. Mji huu, ambao wageni wa zamani waliuita Kazeh, ulikuwa kituo kikubwa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, wakatembea nao miezi kadhaa. Mpagazi hodari aliweza kufika. Lakini ukimwongezea mzigo kila siku, ukaifanya njia kuwa nyembamba, na kiongozi akawa anamkimbiza, ataanguka hata awe hodari vipi.

Moyo ni mpagazi wa namna hiyo. Unapiga kama mara 100,000 kwa siku, mchana na usiku, bila likizo. Mzigo wake ni damu, na njia yake ni mishipa. Presha ikiwa juu, yaani 140 kwa 90 au zaidi kila ukipimwa, maana yake ni kwamba moyo unasukuma dhidi ya ukinzani mkubwa. Kwanza misuli yake inanenepa, kama mkono wa mtwanga mpunga. Usifurahie unene huo. Misuli iliyonenepa inakuwa migumu, na baada ya miaka moyo unachoka na kutanuka, mtu anaanza kuhema akipanda ngazi, miguu inavimba, halali ila kwa mito mitatu. Hapo tunasema "moyo umekuwa mkubwa." Wengi hawakuhisi chochote kabla ya hapo, kwani presha haina kelele.

Utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, ambao ulichapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa katika kila watu 10 wenye presha, wawili hivi tu ndio walikuwa wanajijua, na mmoja hivi ndiye aliyekuwa kwenye matibabu. Walioifikisha presha yao kwenye kiwango salama hawakufika mtu mmoja katika mia. Tangu wakati huo kliniki zimeongezeka, lakini hebu kila mmoja ajiulize: nyumbani kwangu ni nani amepimwa mwaka huu?

Makundi manne ya dawa

Sasa tuziangalie dawa zenyewe. Majina nimeyaandika kama yalivyo kwenye boksi ili uchukue boksi lako ulinganishe.

Kundi la kwanza ni dawa za kukojoza, kama bendroflumethiazide, hydrochlorothiazide na chlorthalidone. Hizi zinampunguzia mpagazi mzigo: zinatoa chumvi na maji ya ziada kupitia mkojo, na baada ya wiki kadhaa zinalegeza mishipa pia. Ni za zamani na ni rahisi, ndiyo maana watu wanazidharau. Ubaya wake ni kwamba zinaweza kutoa potasiamu nyingi mwilini, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanaweza kwenda ovyo. Zinaweza pia kuamsha ugonjwa wa jongo na kupandisha sukari kidogo. Furosemide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, nayo inakojoza, lakini kazi yake hasa ni kwa mtu ambaye moyo umeshashindwa na maji yamejaa mwilini. Usiichukue dukani kwa sababu tu miguu imevimba.

Kundi la pili ni dawa za kutanua mishipa, kama amlodipine na nifedipine. Hizi zinapanua njia ya mpagazi. Amlodipine inafanya kazi polepole na kudumu zaidi ya siku nzima, kwa hiyo humezwa mara moja kwa siku, na inasaidia pia wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu. Baadhi ya watu inawavimbisha miguu. Uvimbe huo si lazima uwe dalili ya moyo kuharibika, lakini mwambie daktari, asije mtu akakuongezea Lasix bure. Nifedipine nayo iko ya aina mbili: ya haraka, na ile iliyotengenezwa kuyeyuka polepole. Ile ya polepole ukiitafuna unaigeuza kuwa ya haraka. Presha inaporomoka, moyo unashituka na kuanza kwenda mbio. Jambo hilo ndilo lililofanyika pale kwenye hitima.

Kundi la tatu ni dawa za kupunguza mbio za moyo: propranolol, atenolol, bisoprolol, carvedilol. Hizi zinamwambia mpagazi apunguze mwendo. Propranolol ilianza kutumika miaka ya 1960, na mgunduzi wake, James Black wa Uingereza, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kwa aliyewahi kupata mshituko wa moyo, dawa za kundi hili ni kinga kubwa. Bisoprolol na carvedilol zikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu zinarefusha maisha ya mtu ambaye moyo umeshindwa kazi. Lakini kwa presha tupu, bila ugonjwa mwingine wa moyo, atenolol imeonekana kuwa dhaifu katika kuzuia kiharusi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 ulioilinganisha na losartan ulionyesha hivyo.

Kundi hili lina hatari mbili ambazo kila nyumba izijue. Kwanza, mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya sana, hivyo kidonge cha propranolol ambacho kwa kaka ni tiba, kwa dada mwenye pumu kinaweza kuwa sumu. Pili, dawa hizi haziachwi ghafla. Ukizizoea kisha ukaziacha siku moja, moyo unaweza kuanza kwenda mbio na presha kupanda, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata mshituko. Mwenye kisukari naye ajue kuwa zinaficha zile dalili za moyo kwenda mbio na kutetemeka pale sukari inaposhuka.

Kundi la nne ni zile zenye majina yanayoishia na "pril" na "sartan": captopril, enalapril, lisinopril, losartan. Mwilini kuna amri ya kemikali inayokaza mishipa na kuzuia chumvi isitoke, na dawa hizi zinaikata amri hiyo. Zinazuia moyo usiendelee kunenepa na kutanuka, na ni rafiki wa figo za mwenye kisukari. Baadhi ya ndugu wamesikia kuwa captopril inatokana na sumu ya nyoka, wakapata wasiwasi. Ukweli ni kwamba wataalamu walijifunza kutoka kwenye sumu ya nyoka mmoja wa Brazil, kisha wakabuni dawa yao wenyewe, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kidonge unachokimeza kimetengenezwa kiwandani na hakina sumu ya nyoka ndani yake.

Ubaya wa "pril" ni kikohozi kikavu kisichoisha, na wako watu waliokunywa dawa za kifua miezi mitatu kumbe ni kidonge cha presha. Kikohozi hicho mara nyingi huisha mgonjwa akihamishiwa "sartan". Mara chache midomo, ulimi au uso huvimba, na hilo hutokea zaidi kwa sisi watu weusi. Likitokea, usimeze tena, kimbia hospitali. Dawa zote za kundi hili, "pril" na "sartan", ni marufuku kwa mjamzito kwa sababu zinamdhuru mtoto tumboni. Mjamzito ana dawa zake, kama methyldopa. Sasa fikiria binti mjamzito anayeazimwa kidonge na mama mkwe wake.

Ipi ni bora kwa moyo?

Swali hili waliliuliza Wamarekani kwa gharama kubwa. Watu zaidi ya 33,000 wa Marekani na Kanada, wote wa miaka 55 na kuendelea, waligawanywa makundi matatu: wengine chlorthalidone, wengine amlodipine, wengine lisinopril. Walifuatiliwa karibu miaka mitano. Majibu yakatolewa mwishoni mwa mwaka 2002. Katika mshituko wa moyo hapakuwa na tofauti baina ya dawa hizo tatu. Lakini moyo kushindwa kazi kulitokea kidogo zaidi kwa waliotumia dawa ya kukojoza, ile ya zamani na ya bei nafuu. Na kwa watu weusi, ambao walikuwa kama theluthi ya wote, waliopewa lisinopril walipata viharusi vingi kuliko waliopewa dawa ya kukojoza. Dawa ya nne iliyokuwemo, doxazosin, ilisimamishwa mapema mwaka 2000 baada ya kuonekana kwamba wanaoitumia wanapata moyo kushindwa kazi mara mbili zaidi. Hapo ndipo ilipobainika kuwa dawa inaweza kushusha namba kwenye mashine na bado isiulinde moyo kama nyingine.

Mwaka 2019 yakaja majibu ya Afrika yenyewe. Wagonjwa 728 katika nchi sita, zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji, walipewa dawa mbili mbili. Waliopewa amlodipine pamoja na dawa ya kukojoza, au amlodipine pamoja na perindopril, presha yao ilishuka zaidi kuliko waliopewa perindopril na dawa ya kukojoza bila amlodipine. Kwa hiyo daktari wako akikuandikia vidonge viwili, usiseme amekukomoa. Kwetu sisi, kidonge kimoja mara nyingi hakitoshi, na viwili kwa dozi ndogo vinasaidiana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 nao unataja dawa za kukojoza, amlodipine na wenzake, na "pril" au "sartan" kuwa za kuanzia, na hausemi kuwa ya ghali ndiyo bora.

Atakayekuambia dawa fulani ni bora kwa kila mtu, muulize: kwa mwenye pumu? Kwa mjamzito? Kwa mwenye kisukari? Kwa aliyewahi kupata mshituko wa moyo?

Chumvi ya Uvinza na mkono wa mpishi

Ukitoka Tabora kwenda Ujiji kwa njia ya misafara unapita Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi za pale zilichemshwa na wenyeji kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilikuwa bidhaa kubwa ya njia ile. Mababu waliithamini kwa sababu ilikuwa adimu. Ilipimwa, ikabadilishwa kwa jembe au nafaka.

Leo pakiti ya chumvi ni rahisi kuliko fungu la mchicha, na tunaimwaga. Chumvi kwenye mboga, kwenye samaki mkavu kutoka Kigoma, kwenye unga wa viungo wa pakiti, kisha kopo la chumvi liko mezani. Mgonjwa anameza dawa ya kukojoza asubuhi kuitoa chumvi, na jioni nyumba nzima inairudisha. Hapo tunaidhulumu dawa, kisha tunasema haifai. Akina mama, nyinyi mna sehemu ya tiba mikononi mwenu. Pikeni kwa kijiko mlichokipima, ongezeni ndimu, vitunguu na nyanya, na kopo liondoke mezani.

Akina baba nao waangalie vidonge vya maumivu. Mtu wa shamba la tumbaku akiumwa mgongo anameza diclofenac wiki nzima. Dawa hizo zinapandisha presha, na zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na "pril" zinaweza kuziumiza figo. Na tumbaku yenyewe, ingawa inatulisha watu wa mkoa huu, ikivutwa ni adui wa mishipa ya moyo.

Habbat sauda na asali ya Tabora tutumie, lakini visiwe sababu ya kutupa vidonge. Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, na kumtegemea Allah hakupingani na kumeza dawa.

Ramadhani isitukute hatujajiandaa

Kila mwaka wapo wanaoacha dawa mwezi mzima wakidhani funga peke yake inatosha. Wengine wanameza dozi za siku nzima kwa mkupuo wakati wa futari. Yote mawili ni hatari. Nenda kwa daktari mwezi wa Shaaban, si siku ya mwezi kuandama. Kama unatumia captopril mara mbili au tatu kwa siku, muulize kama unaweza kuhamia dawa ya mara moja, ukaimeza wakati wa futari au daku. Kama unatumia ya kukojoza, muulize saa na dozi, kwani jua la Tabora na kiu ya mchana vinaweza kukukausha maji na kukuangusha. Na ambaye moyo wake umeshindwa kazi akaambiwa asifunge, asione haya. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Kuikataa ruhusa hiyo hadi ukajiangamiza si uchamungu.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye presha aandike kwenye karatasi majina na dozi za dawa zake aiweke pamoja na cheti chake, ili akizidiwa safarini, hata akiwa kwenye treni ya Kigoma, anayempokea ajue.

Pili, ukiandikiwa dawa uliza: Ni ya kundi gani? Naimeza saa ngapi? Dalili gani ikitokea nirudi? Ikiisha kabla ya tarehe nifanye nini? Kuuliza si kumvunjia daktari heshima.

Tatu, presha ikishuka usiache. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukitaka kupunguza, punguza pamoja na daktari.

Nne, mtu akizidiwa msibani au arusini, mkalishe au mlaze, mpime kama kuna mashine, usimpe kidonge cha mtu mwingine. Kama mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, anaongea ovyo, au kifua kinambana, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Tano, na hili nalielekeza kwa kamati za misikiti yetu: nunueni mashine moja ya kupimia presha ya mkono wa juu, mtafuteni muuguzi mmoja katika waumini, na kila Ijumaa baada ya sala watu wapimwe, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Tunachangia mabati na mazulia. Tushindwe kuchangia mashine ambayo ingemwonyesha yule bibi presha yake kabla ya siku ya hitima?

Bibi huyo sasa anatembea kwa mkongojo, Alhamdulillah, na anameza amlodipine na hydrochlorothiazide kila siku, mjukuu wake akimkumbusha. Mama aliyempa kidonge humtembelea kila wiki. Ameniomba niandike, ili mwingine asije akafanya kama yeye kwa nia njema.

Wabillahi tawfiq.